Utafiti wa Kampuni za Kimataifa Unapohamia Kwetu: Athari kwa Kampuni za Wazawa

Utangulizi

Katika maduka ya pembejeo ya Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, huuzwa paketi ndogo za mbegu za nyanya, pilipili na kabichi. Muuzaji ni Mtanzania na mnunuzi ni Mtanzania. Udongo utakaopokea mbegu ni wa hapo hapo. Swali ambalo watu wachache huuliza ni hili: nani aliyeitafiti mbegu hiyo, aliitafitia wapi, na faida ya utafiti huo inamfikia nani?

Mada hii inajibu swali hilo kwa upana. Kwa muda mrefu kampuni kubwa za kimataifa zilifanya utafiti wao katika nchi zao za asili na kutuletea bidhaa iliyokwisha kamilika. Siku hizi sehemu ya utafiti huo hufanyika Bengaluru, Beijing, Nairobi, Arusha na Bagamoyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe mtahiniwa unatakiwa ueleze ni katika mazingira gani mwenyeji hupona kweli, na ni katika mazingira gani mgeni huondoka na kila kitu.

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza maana ya kuhamishia utafiti ng'ambo;
(b) kutaja sababu za kampuni za kimataifa kufanya hivyo;
(c) kufafanua njia ambazo maarifa hupita kutoka kampuni ya kigeni hadi kampuni ya mzawa;
(d) kujadili athari chanya na hasi kwa kutumia mifano halisi;
(e) kueleza kinachoamua kama kampuni ya mzawa itafaidika au la.

Maana ya maneno muhimu

Kampuni ya kimataifa ni kampuni yenye makao makuu katika nchi moja na yenye shughuli katika nchi nyingine nyingi. Kampuni ya mzawa ni ile inayomilikiwa na kuendeshwa na wananchi wa nchi husika, iwe kubwa au ndogo. Chama cha ushirika, kikundi cha wafugaji nyuki na karakana ya mtu mmoja vinaingia humo.

Kuhamishia utafiti ng'ambo ni hatua ya kampuni ya kimataifa kupeleka shughuli zake za kutafiti, kubuni au kujaribu bidhaa katika nchi nyingine, ama kwa kufungua kituo chake yenyewe, ama kwa kuipa kazi hiyo taasisi iliyoko huko.

Nchi zinazoinukia kiuchumi ni nchi ambazo uchumi wake unakua na masoko yake yanapanuka, ingawa bado hazijafikia kiwango cha nchi tajiri. India, China na Brazili hutajwa mara nyingi. Kenya na Tanzania nazo zimo katika safari hiyo. Julai 2020 Benki ya Dunia iliihamisha Tanzania kutoka kundi la nchi za kipato cha chini kwenda kundi la kipato cha kati cha chini.

Hataza ni haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi ili mtu mwingine asitumie uvumbuzi wake bila ruhusa kwa muda uliowekwa. Kwa upande wa mimea kuna haki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu, ambazo Tanzania Bara inazilinda kwa sheria ya mwaka 2012.

Kwa nini kampuni huhamisha utafiti?

1. Gharama. Mshahara wa mhandisi mmoja wa Ulaya au Marekani unaweza kulipa wahandisi kadhaa wenye ujuzi huo huo katika nchi inayoinukia.

2. Kupata vipaji. Vyuo vya India na China huhitimisha wahandisi na wanasayansi wengi kila mwaka. Kampuni huwafuata waliko.

3. Kulijua soko. Simu au huduma ya fedha iliyobuniwa kwa ajili ya mtu wa London haitamfaa bila marekebisho mkulima wa Mlele asiye na akaunti ya benki.

4. Mazingira ya asili. Chanjo ya malaria haiwezi kujaribiwa kikamilifu mahali pasipo na malaria. Nyanya inayostahimili magonjwa ya kitropiki lazima ipandwe kwenye tropiki.

5. Ushawishi wa serikali. Baadhi ya serikali hutoa unafuu wa kodi, ardhi au majengo ili kuvutia vituo vya utafiti.

Zingatia: katika sababu zote tano, kampuni inatafuta faida yake. Hakuna hata moja inayosema "kuinua kampuni za wazawa". Mzawa akifaidika, amefaidika kwa njia nyingine, na njia hizo ndizo kiini cha mada hii.

Hatua za utafiti

Watahiniwa wengi huandika "utafiti umekuja" kana kwamba utafiti ni kitu kimoja. Utafiti wa kuleta bidhaa sokoni una hatua kuu nne:

Hatua ya kwanza: wazo na sayansi ya msingi.
Hatua ya pili: ubunifu, yaani kutengeneza sampuli ya kwanza katika maabara au karakana.
Hatua ya tatu: majaribio kwa watumiaji, shambani au hospitalini.
Hatua ya nne: marekebisho ili bidhaa ifae soko fulani.

Hatua mbili za kwanza ndizo ambazo kwa kawaida huzaa hataza. Nchi inayopokea hatua ya tatu peke yake hupata ajira na uzoefu, lakini kwa kawaida haipati umiliki. Kwa hiyo, unapopewa mfano wowote, jiulize kwanza: ni hatua ipi iliyohamishwa?

Njia za kupita maarifa

Maarifa hayapiti ukuta wa maabara yenyewe. Hupita kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni watu. Mfanyakazi aliyejifunza katika kituo cha kigeni anaweza kuondoka na kujiunga na kampuni ya mzawa, au akaanzisha yake. Microsoft ilipofungua maabara ya utafiti Beijing mwaka 1998, wengi waliopita hapo walikuja kuongoza kazi za utafiti katika kampuni za Kichina. Njia hii ina pande mbili: watu wanaweza pia kutoka kwa mzawa kwenda kwa mgeni.

Njia ya pili ni ugavi. Kituo cha kigeni kinahitaji vifaa, huduma za maabara, usafiri na programu. Mgavi mzawa akitaka kuuza hapo hulazimika kufikia viwango vya juu, na akishavifikia anaweza kumuuzia mtu yeyote.

Njia ya tatu ni ushindani na kuiga. Kampuni ya mzawa huona bidhaa mpya, huichunguza, kisha hutengeneza ya kwake bila kuvunja sheria.

Njia ya nne ni ubia. Kampuni mbili hukubaliana kwa mkataba kufanya utafiti pamoja au kuhamisha teknolojia. Hapa maarifa hutolewa kwa hiari, lakini kwa masharti yaliyoandikwa.

Sasa tazama jinsi njia hizi zilivyofanya kazi, au zilivyoziba, katika mifano minne halisi.

Mfano wa 1: M-Pesa

Wengi hudhani M-Pesa ilizaliwa Kenya moja kwa moja. Wazo na ufadhili wake wa awali vilitoka Uingereza, kwa kampuni ya Vodafone ikichangiwa na serikali ya nchi hiyo. Majaribio ndiyo yaliyofanyika Kenya kuanzia Oktoba 2005, Nairobi na Thika, pamoja na kampuni ya Safaricom na taasisi ya mikopo midogo. Lengo la kwanza lilikuwa kuwawezesha watu kurejesha mikopo kwa simu. Lakini wateja wa majaribio walianza kuitumia kutumiana fedha. Uvumbuzi huo wa watumiaji ndio uliobadilisha bidhaa yenyewe. Huduma ilizinduliwa Kenya Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008.

Je, nani alimiliki? Kwa miaka mingi jina na mfumo wa M-Pesa vilikuwa mali ya Vodafone, na Safaricom ililipa sehemu ya mapato yake kwa kuvitumia. Hata mitambo ya kuhifadhi taarifa ilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015 ilipohamishiwa Kenya. Aprili 2020 Safaricom na Vodacom, kwa kampuni ya ubia, zilikamilisha kununua kutoka Vodafone jina hilo pamoja na kazi ya kuendeleza bidhaa.

Kwa wazawa wadogo faida ilikuja kwa njia ya ugavi. Maelfu ya maduka yakawa mawakala. Mwaka 2017 Safaricom ilipofungua mfumo wa kuunganisha programu za watu wengine na M-Pesa, watengenezaji programu wa Kenya waliweza kujenga huduma zao juu yake.

Somo: majaribio yakifanyika kwenu na umiliki ukabaki kwingine, mtalipia kitu mlichosaidia kukibuni, mpaka muwe na uwezo wa kukinunua.

Mfano wa 2: Chanjo ya malaria

Chanjo ya RTS,S ilibuniwa na kampuni ambayo sasa inaitwa GSK katika maabara zake za Ubelgiji miaka ya 1980. Majaribio makubwa ya mwisho yalifanyika kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, yakihusisha watoto wachanga na wadogo zaidi ya 15,000. Vituo viwili vilikuwa Tanzania: Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, na Korogwe. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto.

Tanzania ilipata nini? Ilipata wanasayansi waliobobea, maabara zenye viwango na jina linaloheshimika. Bagamoyo ilirudi tena kuwa kituo cha majaribio ya chanjo ya pili, R21, ya Chuo Kikuu cha Oxford na Serum Institute ya India. Haya ni mafanikio ya kweli. Lakini yalikwenda kwa taasisi ya utafiti. Hakukuwa na kampuni ya mzawa ya kutengeneza chanjo ambayo ingeweza kuyapokea.

Kampuni zilizoyapokea ziko India. Mwaka 2021 GSK ilikubaliana kuhamishia utengenezaji wa RTS,S kwa Bharat Biotech ya Hyderabad, na R21 hutengenezwa na Serum Institute ya Pune. Kwa nini India? Sheria yake ya hataza ya mwaka 1970 ilizuia hataza za dawa yenyewe na kuruhusu hataza za njia ya kuitengeneza tu, hali iliyodumu hadi 2005. Katika miaka hiyo kampuni za India zilijifunza kutengeneza dawa na chanjo kwa mikono yao. Utafiti wa wageni ulipofika, ulikuta viwanda vinavyojua kazi.

Somo: majaribio yalifanyika Afrika, lakini faida ya kiwanda ilikwenda palipokuwa na kiwanda. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Mfano wa 3: Wahandisi wa Nairobi

Mwaka 2012 IBM ilitangaza kuanzisha maabara ya utafiti Nairobi, nayo ikafunguliwa 2013 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Mwaka 2019 Microsoft ilianzisha kituo cha wahandisi chenye matawi Nairobi na Lagos. Mwaka 2022 Google nayo ikatangaza kituo cha kubuni bidhaa Nairobi.

Kwa kijana msomi ilikuwa habari njema: kazi ya kiwango cha dunia bila kuhama nchi. Kwa kampuni changa za wazawa habari ilikuwa na uchungu. Kampuni hizo zililalamika hadharani kwamba wahandisi wao wazoefu walikuwa wakichukuliwa kwa mishahara ambayo zisingeweza kuilipa. Mhandisi anayefundishwa miaka miwili na kampuni ndogo, kisha akaondoka katikati ya mradi, anaondoka na muda na fedha za kampuni hiyo.

Tena kituo cha mgeni hufunguliwa na kufungwa kwa uamuzi wa makao makuu. Mwaka 2024 Microsoft ilifunga kituo chake cha wahandisi cha Lagos, miaka mitano tu baada ya kukitangaza.

Somo: njia ya watu hupitisha maarifa kuelekea kote. Mwanzoni watu hutoka kwa mzawa kwenda kwa mgeni. Kurudi kwao huchukua miaka, na hutokea pale tu wanapokuta kampuni za wazawa zenye kazi ya kuwapa.

Mfano wa 4: Mbegu za mboga Arusha

Mfano huu ndio wa karibu zaidi na mkulima wa Inyonga, na unafaa kwa swali la kulinganisha.

Mwaka 1992 Kituo cha Dunia cha Mboga, taasisi ya kimataifa isiyofanya biashara, kilifungua ofisi yake ya Afrika Arusha. Kwa kushirikiana na kituo cha serikali cha Tengeru, mwaka 1997 zilitolewa aina mbili za nyanya: Tanya na Tengeru 97. Aina hizi si chotara. Kampuni ya mzawa inaweza kuzizalisha, kuzithibitisha kwa Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu (TOSCI) na kuziuza. Kwa hiyo matokeo ya utafiti huo yalikuwa kama kisima cha kijiji: mwenye ndoo anachota.

Mwaka 2008 kampuni ya Rijk Zwaan ya Uholanzi na East-West Seed ya Kusini-mashariki mwa Asia zilianzisha Afrisem, kituo cha utafiti wa mbegu za mboga hapo hapo Arusha. Huu ni utafiti wa kibiashara uliohamia Tanzania, tena katika hatua ya pili, ya ubunifu. Mazao yanayoshughulikiwa ni ya kwetu, kama vile nyanya, pilipili na nyanya chungu. Mkulima hupata mbegu iliyobuniwa kwa hali ya hewa ya Afrika, na Watanzania hupata kazi za kitaalamu za uzalishaji wa mbegu.

Lakini mbegu za namna hii kwa kawaida ni chotara. Mkulima akihifadhi mbegu za tunda la chotara na kuzipanda, kizazi cha pili hakitoki kama cha kwanza. Mimea huchanganyika na mavuno huyumba. Kampuni ya mzawa isiyo na wazazi wa chotara huyo haiwezi kumzalisha. Juu ya hilo kuna ulinzi wa sheria ya 2012, na mwaka 2015 Tanzania ilijiunga na muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Kampuni ya mzawa inabaki na nafasi tatu: kuwa msambazaji, kuingia ubia, au kuanza uzalishaji wa aina zake yenyewe kwa kutumia mbegu za umma na wataalamu waliokomaa Arusha.

Somo: utafiti wa umma na utafiti wa kampuni vinaweza kukaa mji mmoja, lakini milango yake haifanani. Taja nani anamiliki kabla hujataja nani anafaidika.

Muhtasari wa athari

Athari chanya kwa kampuni za wazawa:
1. Kuongezeka kwa wataalamu wenye uzoefu nchini.
2. Soko jipya kwa wagavi na watoa huduma.
3. Kupanda kwa viwango vya ubora kutokana na ushindani.
4. Uwezekano wa ubia na uhamishaji wa teknolojia.
5. Kuimarika kwa vyuo na taasisi ambazo kampuni za wazawa huzitegemea.

Athari hasi kwa kampuni za wazawa:
1. Kupoteza wafanyakazi wazoefu na kupanda kwa gharama ya mishahara.
2. Matokeo ya utafiti kumilikiwa nje na kulipiwa ada.
3. Kusukumwa nje ya soko na bidhaa bora zaidi kabla ya kujipanga.
4. Kubaki wasambazaji wa bidhaa za wengine.
5. Kutokuwa na uhakika, kwa kuwa kituo kinaweza kufungwa wakati wowote.

Nini huamua?

Uwezo wa kupokea. Kampuni isiyo na mtu hata mmoja anayeweza kusoma taarifa ya maabara haitafaidika hata maabara ikijengwa jirani yake. Kampuni inayofanya utafiti wake mdogo ndiyo inayoelewa utafiti mkubwa wa mwenzake.

Hatua iliyohamishwa. Ubunifu huacha maarifa mengi zaidi kuliko majaribio peke yake.

Umiliki na mkataba. Mkataba ukieleza tangu mwanzo nani atamiliki matokeo, nani atafundishwa na kipi kitanunuliwa hapa nchini, mwenyeji ana mahali pa kushika.

Sera na taasisi za nchi. Tanzania ina Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ambayo hutoa vibali vya utafiti. Ina Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni unaosajili hataza. Ina SIDO kwa viwanda vidogo na TARI kwa utafiti wa kilimo. Taasisi hizi ni daraja. Zikiwa imara, kampuni ndogo huvuka.

Tuzitumie hoja hizi Inyonga

Mlele ni wilaya ya misitu ya miombo, na Inyonga inajulikana kwa asali. Wafugaji nyuki wake wana chama chao. Sasa chukua mfano wa kubuni: kampuni ya kigeni ya vyakula inaanzisha Katavi kituo cha kutafiti asali ya miombo ili kuiuza Ulaya.

Kikundi cha kwanza kinauza asali kwenye ndoo bila kupima chochote. Kituo kinapokuja, kikundi hiki kinakuwa mahali pa kuchukulia sampuli. Wafugaji wanaeleza nyuki hutembelea miti gani na msimu gani, wanalipwa posho ya siku moja, na maelezo yao yanaondoka. Baadaye kampuni inaweka lebo yake kwenye chupa, na kikundi kinaendelea kuuza ndoo kwa bei ile ile.

Kikundi cha pili kina kijana mmoja aliyefundishwa kutumia kipimo cha unyevu. Kinajua kwamba kiwango cha kimataifa kwa asali ya kawaida kinataka unyevu usizidi asilimia 20, na kinaandika daftarini kila ndoo imetoka msitu gani, lini na ikiwa na unyevu kiasi gani. Kituo kinapokuja, kikundi hiki kina kitu cha kuweka mezani: kumbukumbu za misimu kadhaa. Kinaweza kuomba mkataba, mafunzo na nakala ya matokeo. Kinaweza pia kuuza kwa mnunuzi mwingine, kwa sababu ubora wa asali yake unathibitika.

Mgeni ni yule yule na msitu ni ule ule. Kilichotofautiana ni daftari na kipimo. Hoja hii ina uzito kwako wewe pia: kijana wa kushika kipimo hicho kwa kawaida ni mhitimu wa kidato cha nne aliyeelewa kemia, hesabu na kuandika taarifa.

Jinsi ya kujibu swali

Swali la mfano: "Ujio wa vituo vya utafiti vya kampuni za kimataifa ni neema kwa kampuni za wazawa." Jadili kauli hii.

Neno "jadili" linakutaka uangalie pande zote mbili, kisha utoe msimamo. Panga jibu hivi:

Utangulizi: fafanua kuhamishia utafiti ng'ambo na utaje nchi au mifano utakayotumia.
Kiini: hoja tatu za kuunga mkono na hoja tatu za kupinga, kila moja katika aya yake.
Hitimisho: toa msimamo pamoja na sharti. Kwa mfano, ni neema kwa kampuni zilizojiandaa kupokea maarifa.

Linganisha aya hizi mbili.

Aya dhaifu: "Vituo vya utafiti vinaleta maendeleo na ajira. Pia vinaleta teknolojia. Hivyo ni vizuri."

Aya imara: "Vituo vya utafiti vinaweza kudhoofisha kampuni za wazawa kwa kuwachukua wataalamu wao. Kituo cha kigeni hulipa mishahara ambayo kampuni changa haiwezi kuilipa, hivyo mhandisi huhama na uzoefu wake. Jijini Nairobi kampuni changa zilitoa malalamiko ya aina hii baada ya kampuni kama Microsoft kuanza kuajiri wahandisi. Matokeo yake ni miradi ya wazawa kuchelewa au kugharimu zaidi."

Aya ya pili ina mambo manne: hoja, maelezo ya namna jambo linavyotokea, mfano halisi na matokeo. Kila aya yako iwe na manne hayo.

Makosa ya kuepuka:
1. Kuorodhesha faida bila kueleza zinamfikia nani. Faida kwa nchi, kwa mfanyakazi na kwa kampuni ya mzawa ni vitu vitatu tofauti.
2. Kuchanganya kiwanda na kituo cha utafiti. Kiwanda huzalisha bidhaa inayojulikana; kituo cha utafiti hutafuta isiyojulikana bado.
3. Kulaumu au kusifu upande mmoja tu pale unapoambiwa ujadili.
4. Kutunga takwimu. Mfano mmoja wa kweli wenye mwaka na mahali unatosha.

Maswali ya marudio

1. Eleza maana ya kuhamishia utafiti ng'ambo na utoe mifano miwili kutoka Afrika Mashariki.
2. Taja hatua nne za utafiti wa bidhaa. Ni hatua zipi huzaa hataza kwa kawaida?
3. Kwa nini utengenezaji wa chanjo ya RTS,S ulihamishiwa India ilhali majaribio yake yalifanyika Afrika? Toa sababu mbili.
4. Linganisha nyanya aina ya Tengeru 97 na nyanya chotara ya kampuni ya kigeni kwa kuzingatia: (a) umiliki, (b) nafasi ya kampuni ya mzawa, (c) faida kwa mkulima.
5. "Watu ni njia ya kupitisha maarifa, lakini njia hiyo ina pande mbili." Fafanua.
6. Wewe ni katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki cha Inyonga. Kampuni ya kigeni inaomba kufanya utafiti wa asali katika msitu wenu. Andika masharti matano ambayo kikundi chako kitapendekeza yaingizwe kwenye mkataba, na ueleze sababu ya kila sharti.

Anza na swali la 6 hata kama unaliona gumu. Likikushinda, rudi kwenye sehemu ya "Nini huamua?", kwa kuwa masharti yote matano unaweza kuyatoa hapo. Ukiweza kulijibu, umeielewa mada.